Robine ya Komisio

Apolline aliyasikia maji yake kabla hajaiona nyumba. Alikuwa anapanda kutoka kijitoni, ndoo ya sita kichwani, mtoto Cécilia mgongoni, na pale njia inapopinda chini ya mipapai akasikia tsssss, halafu mlio mwingine, ule wa maji yakianguka juu ya maji. Maana yake beseni limekwisha kujaa. Maana yake ndoo ya tano, aliyoimwaga ndani ya pipa kabla ya kushuka, ilikuwa inakwenda kunywesha mipapai.

Akasimama, akatukana. Hakutukana mtu. Alitukana chuma, na mama wa chuma, na ukoo wote uliokizaa.

Marcelline, jirani yake, aliyekuwa nyuma na mtungi wake mmoja wa siku nzima, akacheka.

"Mama Cécilia, hiyo mipapai itazaa mwaka huu mpaka ichoke."

"Cheka tu."

"Mimi sicheki, ninauliza. Wazungu wenyewe wanachotewa maji na wafungwa. Wewe ulifungwa kwa kosa gani?"

Apolline akaendelea kupanda. Jibu alikuwa nalo, ila lilikuwa refu, na ndoo ilikuwa nzito.

Jibu lilikuwa hivi. Mume wake Zéphirin alikuwa karani wa serkali pale Kabambare, kazi yake kuandika kilo za pamba siku za soko na kupiga barua kwa mashini siku nyingine. Miaka miwili nyuma, kwenye soko la pamba la Wamaza, gunia moja lilikosekana. Ajenti aliyekuwa anasimamia soko, Mbeleji mmoja ambaye watu walimwita Bwana Shingo kwa ajili ya wekundu wa shingo yake, hakuuliza mara mbili. Zéphirin alilazwa chini mbele ya meza yake mwenyewe, mbele ya wakulima aliokuwa anawaandika tangu asubuhi, akapigwa fimbo nne. Gunia lilionekana mchana, liko chini ya mengine. Hakuna aliyerudi kusema neno juu ya fimbo. Zéphirin alifunga mukaba wa suruali, akashika tena kalamu, na majina yote ya mchana ule yameandikwa vibaya, herufi zimelala kila upande.

Aliporudi nyumbani, ni Apolline aliyemvua suruali, kwa sababu kitambaa kilikuwa kimeshikamana na ngozi. Alimvua polepole kwa maji ya moto. Hakulia wala hakumuuliza kitu. Lakini jambo lile lilikaa ndani yake, na halikutoka.

Sasa serkali ilikuwa imeleta karta, cheti cha mtu mweusi anayehesabiwa mstaarabu. Wazungu waliiita mérite civique, watu wa Kabambare waliiita karta tu. Mwenye karta hapigwi fimbo. Yalikuwamo na mambo mengine, heshima hii na heshima ile, Zéphirin alikuwa anayasoma kwa sauti jioni kama mtu anayesoma Injili, lakini Apolline alisikia hilo moja. Hapigwi. Akamwambia: omba.

Kuomba nako kulikuwa na kazi yake. Komisio ya kukagua waombaji ilikuwa inatoka Kasongo, inaingia ndani ya nyumba ya mtu, inafungua mlango wa choo, inahesabu uma na visu, inatazama kama bwana na bibi wanakula meza moja. Wengine walinunua vitanda. Wengine walitundika picha ya mfalme. Zéphirin alitaka kuwapita wote. Ndani ya barua yake aliandika kwa Kifaransa kizuri kwamba nyumba yake ina maji ya robine, koki ya kufungua na kufunga. Na robine ilikuwako, hakusema uongo. Aliinunua Kasongo, inang'aa, akaifunga chini ya pipa la mafuta ya motokari lililosuguliwa kwa majivu siku nne, akaliweka pipa juu ya nguzo za matofali kwenye baraza ya nyuma, karibu na mlango wa chumba cha kulia. Ukizungusha, maji yanakuja. Barua haikusema maji yanaingiaje ndani ya pipa.

Yaliingia kwa kichwa cha Apolline. Ndoo kumi na tatu zilijaza pipa. Mwanzoni hayo yalikuwa maji ya siku tatu, akavumilia. Lakini wiki tatu zilikuwa zimepita tangu robine ikatae kufunga. Kwanza lilikuwa tone. Kisha uzi. Sasa yalikuwa maji manene kama kidole cha mtoto, mchana na usiku. Unazungusha mpaka mwisho, unakaza mpaka kiganja kinauma, na yanakuja vilevile. Ukipanda asubuhi na kutazama ndani ya pipa, unaona chini yake, na panzi amekufa.

Na Zéphirin, kila jioni akirudi ku kazi, kabla hata ya kuvua kofia, alikuwa anachukua unyoya wa kuku, anauchovya ndani ya mawese, anaipaka robine. Aliipaka kichwani, aliipaka shingoni, alisukuma unyoya mpaka ndani ya mdomo wake, na mafuta yakateremka na maji, mekundu. Alisema kule Kasongo alimwona Mzungu akifungua robine kwa vidole viwili, bila kuitazama, maneno yanaendelea mdomoni. Yake ilikuwa ngumu tangu ilipotoka dukani. Alitaka ilainike ifikie vidole viwili.

Hakuna aliyeona ubaya. Huko ndivyo kila mtu anavyofanya. Panga likishika kutu, mawese. Mlango ukilia, mawese. Mtoto akiwa na ngozi kavu, mawese. Hata baiskeli ya katekista ilitembea kwa mawese, ukiipita unasikia njaa.

Jioni ya siku ile Apolline alimwambia mume wake kwamba amechoka, pipa likae tupu mpaka komisio ifike. Zéphirin akasema komisio haipigi hodi. Ilimwingilia Ismaël wa Lusangi saa moja ya asubuhi, ikamkuta anakula kwa mkono na mke wake amekaa chini jikoni, na mambo ya Ismaël yakaishia pale. Pipa lijae kila siku. Apolline akasema basi aitwe fundi. Zéphirin akauliza fundi gani, hao wa mtaa wa chini wanaofua majembe? Robine ni kitu cha Ulaya, mutu asiiguse. Apolline akasema sawa, kama ni hivyo nusu ya ndoo achote yeye.

Hapo Zéphirin alicheka, na kicheko kile ndicho kilichoharibu mambo.

"Karani abebe ndoo kichwani? Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu ulishalala chini."

Neno lilikuwa limetoka. Zéphirin aliweka unyoya juu ya pipa, akaingia ndani, na hakula. Apolline alibaki barazani na beseni lake. Alikuwa na hasira hata na mdomo wake mwenyewe, lakini hakumfuata kumwomba msamaha. Shingo ilikuwa inamuuma mpaka kwenye meno. Karanga zake shambani zilikuwa zimekomaa wiki ya pili sasa, zingeanza kuota tena ndani ya udongo kwa kukosa mtu wa kuzing'oa. Na kile chuma kilikuwa kinaendelea, tsssss, kama mtu anayemzomea.

Kesho yake hakuchota hata ndoo moja. Alingoja Zéphirin apotee kwenye njia ya biro, ofisi ya serkali, akangoja pipa limalize kilichokuwamo. Kisha akachukua koleo, akafungua robine, akaziba tundu la pipa kwa gunzi la muhindi. Kama komisio ingefika saa ile, ingekuta gunzi. Alilijua hilo. Akaifunga robine ndani ya kitambaa kama mtu anayeficha nyama, akamtupa Cécilia mgongoni, akateremka mtaa wa chini.

Kule alikaa Abdallah, mfua chuma, mzee wa kofia nyeupe ambaye vijana wa misheni walimcheka kwa sababu hakujua hata neno moja la Kifaransa. Hakuuliza robine ni ya nani, Kabambare nzima ilikuwa inajua. Alifungua kichwa cha robine, akaingiza ukucha ndani, akatoa kitu cheusi, laini, kinachonata. Akakinusa. Kisha akamtazama Apolline.

"Nani anapaka mawese?"

"Bwana yangu."

"Kila siku?"

"Kila siku ya Mungu."

Mzee Abdallah alicheka mpaka akakohoa. Akamwonyesha ile takataka juu ya kidole. Hiki kilikuwa mpira, akasema, mviringo kama kifungo cha koti. Kazi yake kukaa juu ya tundu na kuziba. Sasa kimekuwa uji. Akamweleza kwamba katika ujana wake alishinda msituni kwa kazi ya mpira, kazi ambayo mpaka leo hapendi kuiongelea, na kitu kimoja walichokijua wote, hata mjinga wao, ni kwamba mafuta yanaula mpira.

"Sisi tuliwapelekea Wazungu mpira kwa vikapu, binti yangu. Wao wanaturudishia kadogo hivi, kama kifungo. Na bwana yako, na shule yake yote, anakamwagia mawese."

Apolline hakucheka. Alikuwa anafikiri. Wiki tatu alikuwa anapanda kilima kile asubuhi, anakipanda tena mchana, na kumbe mkono uliokuwa unaiharibu robine ulikuwa unaiharibu kila jioni mbele ya macho yake, kwa unyoya wa kuku. Na yeye ndiye aliyekuwa anaweka mawese ndani ya kikombe, ili bwana asijisumbue.

Mpira mwingine mzee hakuwa nao. Wa baiskeli ni mwembamba, alisema, utapasuka siku ya pili. Ngozi ya mbuzi itavimba na kunuka. Ilitakiwa ngozi iliyotengenezwa Ulaya, nene kidogo. Kama ya kiatu, akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja kitu kisichopatikana.

"Ningoje," Apolline akasema.

Viatu vilikuwa ndani ya sanduku, vimefungwa kwa gazeti, vyeusi, vya kamba. Zéphirin alikuwa amevivaa mara moja tu, siku ya Pasaka, na baada ya hapo vilikuwa vinangoja komisio. Apolline alivitoa, akavigeuza huku na huku. Soli hapana. Kisigino hapana. Lakini kuna kile kipande kinacholala chini ya kamba, juu ya mguu, ambacho kiatu kikishafungwa hakuna anayekiona. Akachukua kisu cha jikoni. Akakikata. Tusimfiche: alifurahi kidogo.

Mzee Abdallah aliikata ngozi ile mviringo, akaitoboa, akailoweka ndani ya maji, akaikandamiza mahali pake. Alikataa malipo, akasema kicheko kimetosha. Apolline akarudi, akaifunga robine pipani, akashuka kijitoni mara kumi na tatu bila kupumzika, na kila alipopanda hakusikia kitu. Pipa lilipojaa alikaa chini yake. Aliweka kidole chini ya mdomo wa robine na kukiacha pale muda mrefu. Kilibaki kikavu. Angeweza kulala usingizi pale pale juu ya matofali.

Zéphirin aliporudi alisimama barazani akasikiliza. Akaenda, akafungua, akafunga. Haikuwa ya vidole viwili bado, ilikuwa ya vidole vitatu, lakini ilifunga. Uso ukamfunguka, kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Unaona," akasema. "Mafuta yameingia. Nilikuambia yanataka muda."

Akanyoosha mkono kuchukua unyoya.

Apolline alimkamata mkono. Miaka sita ya ndoa hakuwa amemkamata vile. Akamwambia akiipaka tena, maji atachota mwenyewe, mchana, kichwani, na kofia yake ya kazi juu ya ngata. Kisha akamwambia yote: gunzi, mzee Abdallah, mpira uliokuwa uji, ngozi iliyowekwa mahali pake. Zéphirin alikataa kuamini. Apolline alikuwa amekileta kile kitu cheusi ndani ya jani la ndizi, akakifungua chini ya pua yake. Zéphirin akakinusa. Halafu akauliza ngozi ilitoka wapi, na alipoambiwa, alipiga kelele mpaka Marcelline akatoka nje na mwiko mkononi.

Alisema mambo mengi. Alisema ameoa adui. Alisema angekuwa na mke wa Kasongo mambo haya yasingekuwako. Apolline alimwacha amalize.

"Kitavalika," akasema. "Kamba zitakuuma mguu. Mimi imeniuma shingo wiki tatu."

Siku tatu walisemeshana yale ya lazima tu, na ya lazima yalikuwa masharti. Komisio ikiingia, Apolline akae mezani. Asisimame. Madame hasimami kukimbilia kazi wageni wakiwa ndani. Mikono iwe juu ya meza. Asiseme kitu asipoulizwa. Apolline aliitikia kila sharti kwa kichwa. Alikuwa bado na hasira, lakini ile suruali hakuisahau, na kwa ajili ya ile suruali angekaa mezani mpaka usiku kama sanamu.

Komisio ilifika siku ya ine, saa tano za asubuhi, ikiwa imempitia Zéphirin biro, ambako sasa alikuwa anakwenda na vile viatu kila siku kwa kuingoja. Walikuwa watu watatu: mkubwa wa komisio, Mzungu mrefu mwenye miwani, padri mzee wa misheni, na Monsieur Michel, mtu mweusi wa Kasongo, mmoja wa wa kwanza kupata karta, ambaye tai yake ilimkaba kooni na hakuigusa.

Mambo yalianza vizuri. Walihesabu uma. Walifungua kabati. Zéphirin alitembea kama mtu anayekanyaga miiba, padri akamuuliza kama ana kidonda mguuni, akajibu ni kidogo tu, mon Père. Apolline alikuwa mezani, mikono juu ya kitambaa. Mtoto alikuwa kwa Marcelline. Mkubwa wa komisio aliingia chooni, akatoka, ameshika mikono mbali na nguo, anatafuta mahali pa kunawa. Ndiyo saa Zéphirin aliyokuwa anaingoja tangu aandike barua. Akamwonyesha robine.

Mzungu aliifungua. Akastaajabu kidogo, akasema neno kwa Kifaransa, na Monsieur Michel akatikisa kichwa kukubali. Akapaka sabuni, akasugua, akasuuza. Akapewa taulo. Akafuta kidole kimoja kimoja, na huku anafuta akaingia chumba cha kulia, anamuuliza Zéphirin ana vitabu vingapi nyumbani na anavisoma saa ngapi.

Robine aliiacha wazi. Wazi kabisa, maji yote.

Mlango wa baraza haukufungwa, na Apolline pale mezani aliyaona maji yakianguka. Beseni likajaa, yakaanza kupita juu. Alimtazama Zéphirin. Zéphirin alikuwa ameona, lakini alikuwa katikati ya jibu, vitabu kumi na viwili, na kamusi moja, na huwezi kumgeuzia mgongo mtu mwenye karta yako ndani ya mfuko wake. Monsieur Michel naye aliona. Alinyanyua macho, akaanza kuchungulia miti ya dari. Padri alikuwa ameinama juu ya picha ya Bikira Maria.

Ndoo ya kwanza, Apolline akahesabu. Hakuhitaji kutazama, alijua kwa mlio. Macho ya Zéphirin yalimjia tena, na yalikuwa yanamwomba. Aliyasoma hivi: nyamaza, leo nyamaza, nitayachota mimi mwenyewe. Labda hayakusema hivyo. Labda ni yeye aliyetaka yaseme. Ndoo ya pili. Aliibana mikono yake juu ya kitambaa cha meza. Alifikiri juu ya mgongo wa mume wake, akakaza meno, na akakaa. Mzungu alikuwa anaongea juu ya faida ya kusoma. Ndoo ya tatu ilikuwa inakwenda kwenye mipapai.

Ndipo mkubwa wa komisio alipogeuka kwake. Alitabasamu. Akamsemesha kwa Kiswahili, kile wanachosemesha nacho watoto:

"Na wewe, mama, unafurahi kuwa na maji ndani ya nyumba yako?"

Sasa alikuwa ameulizwa.

"Bwana," akasema, "hayo maji nimeyachota mimi kwa kichwa, na wewe umeyaacha yanamwagika. Rudi ukafunge."

Sauti yake haikuwa kubwa. Hata hivyo ilisikika mpaka kwa Marcelline. Shingo ya Zéphirin ilizama ndani ya kola. Mzungu alibaki na taulo mkononi, tabasamu bado liko juu ya uso wake, halina kazi.

"Wewe huna mikono?" akauliza.

"Niko nayo. Imechoka."

Hakuna aliyesogea. Maji yaliendelea. Mwishowe ni padri aliyekwenda, mzee yule, anaburuta kanzu yake kwenye maji ya barazani, akainama, akafunga. Walimsikia kuku nje. Mkubwa wa komisio alilikunja taulo vizuri, akaliweka mezani mbele ya Apolline, akafunga daftari lake. Chumba cha kulala hawakukitazama.

Monsieur Michel alikuwa wa mwisho kutoka. Alipompita Apolline alisema chini chini, "Mama, ungengoja dakika tano."

"Wewe uliona," Apolline akasema.

"Niliona."

Akavaa kofia yake, akawafuata wenzake.

Zéphirin alivua viatu kwanza. Aliviweka pamoja chini ya kiti, akatazama mguu wake, mahali kamba zilipokata. Apolline alingoja kelele. Kelele alikuwa amejitayarisha nazo, alikuwa na za kwake pia, nyingi kuliko za mume wake. Lakini Zéphirin hakupiga kelele siku ile, wala siku iliyofuata, na nyumba ikawa ngumu kukaa.

Barua ilifika wiki tatu baadaye. Zéphirin aliisoma amesimama, kwa Kifaransa, halafu akaitafsiri neno kwa neno, kama kazi ya biro. Bwana anastahili. Bibi yake hajafikia bado. Ombi lirudi baada ya miaka miwili.

"Sema sasa," Apolline akasema. "Sema hilo neno ulilolificha wiki tatu."

"Ungenyamaza."

"Nilinyamaza. Ndoo tatu nzima nilinyamaza. Wewe ulikuwa umesimama hatua nne kutoka robine."

"Nilikuwa ninajibu swali."

"Na mimi nilijibu swali."

Zéphirin aliikunja barua, mara mbili, mara tatu, mpaka ikawa ndogo kama sanduku la kiberiti. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Miaka miwili, Apolline. Unajua ni nini, miaka miwili chini ya yule mutu?"

Alijua. Hilo ndilo lililokuwa linamchoma. Bwana Shingo alikuwa bado pale pale, na habari ya komisio ilikuwa imemfikia kabla ya barua. Ilimfurahisha sana. Biro, mbele ya makarani wengine, alikuwa ameanza kumwita Zéphirin "Monsieur Robine", na Zéphirin akikosea hata nukta, alikuwa anaigonga meza kwa kidole na kumkumbusha kwamba karta haijafika.

Apolline hakujuta. Marcelline alimuuliza mara moja, kwa upole, bila mzaha, na yeye akajibu kwamba yule Mzungu angerudi kesho na kuuliza lile lile, angejibiwa lile lile. Alisema hivyo na kweli aliamini hivyo. Alimkasirikia Mzungu kwa vidole vyake, Monsieur Michel kwa macho yake ya darini, Zéphirin kwa zile hatua nne. Na kuna saa, akiwa peke yake shambani anang'oa karanga zilizobaki, alikuwa anajikasirikia mwenyewe, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu hakuona kosa lake liko wapi.

Lakini kila siku, saa kumi na moja, biro inapofungwa, aliacha chochote alichoshika. Alikwenda kusimama mlangoni, akatazama njia. Alimtazama mume wake anavyokuja: mwendo wake, mabega yake, suruali yake.  Zéphirin alijua anatafuta nini: alama ya fimbo. Siku za kwanza alimpita bila neno, kwa makusudi, ili limuume. Baadaye, labda alichoka, labda alimhurumia, akaanza kusema akiwa bado mbali, kwa sauti ya mtu anayetoa ripoti:

"Leo hapana."

Apolline akageuka, akaingia jikoni, akapakua ugali, sahani zinagongana mkononi mwake. Hasira aliyokuwa ameitayarisha tangu asubuhi haikupata pa kwenda. Akaiweka akiba, maana kesho kulikuwa na saa kumi na moja nyingine.